Sanduku Lililokuwa Chini ya Kamera



Kila Jumapili asubuhi huwa tuna darsa ya akina mama katika msikiti wa mtaani petu, upande wa Changamwe. Robo saa ya mwisho ni ya maswali. Huandikwa katika vikaratasi visivyo na majina, maalima mmoja akavikusanya na kutupitishia nyuma ya pazia, kwani wapo wanaoona haya kuuliza kwa sauti. Siku moja tukafungua karatasi iliyokunjwa mara nne, ndani yake mna swali hili: mtu aliyezuia haja ndogo kwa muda mrefu, kisha akasali hali ya kuwa bado ameizuia, je, sala yake yasihi?

Swali hilo tulilijibu vizuri, au tulidhani hivyo. Tulieleza kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi sala hiyo yasihi, ila ni makuruhi. Kwamba wakati ukiwa mpana basi ni bora mtu aende haja kwanza, atawadhe upya, asali moyo wake umetulia. Na kwamba wakati ukiwa umembana, asali asiache wakati utoke. Tulitaja na hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, inayohusu jambo hilo. Akina mama waliridhika. Nasi tuliridhika, tukafunga kitabu, tukaenda zetu kunywa chai na mahamri.

Jambo moja hatukuuliza. Hatukuuliza kwa nini mtu mzima mwenye akili zake azuie haja mpaka imsumbue ndani ya sala.

Baada ya miezi kama mitatu tulipata habari kwamba mama mmoja wa darsa letu amelazwa. Tulifuatana na mama watoto wetu kwenda kumzuru. Alikuwa na maradhi ya figo. Uchafu wa njia ya mkojo ulikuwa umepanda juu, homa ikampanda mpaka akaweweseka. Alipotuona alijifunika mtandio wake vizuri, akasema kwa sauti ndogo: "Sheikh, lile swali la mkojo lilikuwa langu." Tunayaandika haya kwa idhini yake, ila jina lake tumelihifadhi.

Mama huyo ni mshonaji katika kiwanda cha nguo, mojawapo ya vile ambavyo watu wetu huviita tu kwa jina la EPZ. Kwa faida ya wasiofahamu, maeneo haya ya viwanda vya kuuza nje yaliwekewa sheria na Bunge mwaka 1990, nayo yakashika kasi hasa baada ya Marekani kupitisha sheria yake ya AGOA mwaka 2000, iliyoruhusu nguo za nchi nyingi za Kiafrika kuingia huko bila ushuru. Walio wengi katika kazi hiyo ni wanawake. Hapa Mombasa pana nyumba nyingi ambazo kodi, karo na unga hutoka kwenye cherehani ya mama. Wanaume tusione vibaya kulitaja, kwani ndiyo hali.

Sasa, shati haliushonwi na mtu mmoja huko. Mmoja hushona kola tu kutwa nzima, wa pili mikono, wa tatu mifuko, wa nne vifungo, wote wameketi kwa safu wanayoiita laini, na kazi hupita mkono kwa mkono. Mbele ya laini pana ubao ulioandikwa idadi inayotakiwa kila saa. Anayeinuka kitini, kazi humrundikia, na walio mbele yake hukosa cha kushona. Kwa sababu hiyo kiwanda kiliweka kibao kimoja cha mbao kwa kila laini, wenyewe wakikiita pasi. Mwenye kutaka kwenda msalani sharti achukue kibao. Kikiwa hakipo, angoje. Laini ya mama yetu ilikuwa na wanawake arobaini. Yeye, ili asisumbuane na msimamizi, aliacha kunywa maji tangu asubuhi hadi adhuhuri, katika joto hili la kwetu mnalolijua, na akizidiwa huzuia. Hata saa ya chakula foleni ya msalani ilikuwa ndefu, naye akichagua kati ya foleni na sala, alichagua sala.

Tulitoka hospitalini tumenyamaza. Tuliulizwa kuhusu dhuluma, tukajibu kuhusu tohara.

Haukupita muda, ikaja barua kutoka kiwanda chenyewe. Walikuwa na siku ya mafunzo ya haki za binadamu kazini, wakamwalika sheikh mmoja na mchungaji mmoja wafungue kwa dua na maneno mafupi. Hatutaki kumsifu mtu kwa asichokifanya: kiwanda hakikuamka tu siku moja kikakumbuka haki. Kampuni ya ng'ambo inayonunua nguo zao ilikuwa imeleta wakaguzi, na wakaguzi wakaandika mambo.

Ili kuelewa kwa nini mnunuzi wa mbali ajishughulishe na msala wa Changamwe, yatubidi twende kidogo hadi Bangladesh. Huko Savar, karibu na Dhaka, palikuwa na jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, ndani yake mna viwanda kadhaa vya nguo. Tarehe 23 Aprili 2013 kuta zilionekana zimepasuka. Benki iliyokuwa chini iliwaambia watumishi wake wasije kesho yake. Washonaji wakaamrishwa waje. Asubuhi ya tarehe 24 jengo liliporomoka, wakafa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake, na wengi ni ndugu zetu katika imani. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Baadhi ya viwanda vilivyokuwa humo vilikuwa vimekaguliwa na kupewa karatasi zao. Mwezi uliofuata makampuni mengi ya nguo yalitia saini mapatano na vyama vya wafanyakazi kuhusu usalama wa majengo ya huko, mapatano ambayo mtu angeweza kushtakiwa kwa kuyavunja. Na miaka miwili kabla ya msiba huo, mwaka 2011, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limekwisha kupitisha miongozo juu ya biashara na haki za binadamu: dola ina wajibu wa kumlinda mtu, kampuni ina wajibu wa kuheshimu haki zake, na aliyedhulumiwa lazima awe na mlango wa kwenda kudai.

Basi tukaenda. Tulikuwa tumeandaa hotuba juu ya amana ya mfanyakazi, kwamba asichelewe, asiibe wakati wa mwajiri. Hotuba njema kabisa, tena tumewahi kuitoa mahali pengi.

Tulipokelewa na afisa wa wafanyakazi, binti wa makamo ya bintiyetu wa kwanza, mwenye adabu nyingi. Alitutembeza. Ukutani palikuwa na kanuni za mnunuzi ndani ya fremu ya kioo, zimeandikwa kwa Kiingereza safi. Tukamuuliza mama aliyekuwa akifagia hapo, zinasemaje? Akacheka, akasema hajui, ila kila wiki yeye ndiye hupangusa kile kioo. Mbele kidogo, kando ya mlango wa meneja, palikuwa na sanduku jeupe lenye kufuli, limeandikwa juu yake kuwa ni la malalamiko.

"Mwanangu," tukamwambia afisa, "sanduku hili hufunguliwa lini?"

"Kila Ijumaa, Sheikh."

"Na hupatikana karatasi ngapi?"

"Miezi saba sasa tangu liwekwe, Sheikh, hatujapata hata moja. Alhamdulillahi wafanyakazi wetu hawana malalamiko."

Tukainua macho. Juu ya sanduku, dhiraa mbili hivi, palikuwa na kamera, na jicho lake limelielekea sanduku barabara. Naye akatazama tulikotazama. Hakusema neno, wala sisi hatukusema. Ila uso wake ulibadilika, nasi tukajua kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepita pale kila siku bila kuinua kichwa, kama sisi na kile kikaratasi kilichokunjwa mara nne.

Ile hotuba ya amana ilibaki mfukoni mwa kanzu. Tuliposimama tulisimulia habari ya mama aliyeuliza swali la tohara, bila kumtaja, na tukakiri mbele ya wafanyakazi na wakubwa wao kwamba sheikh wake alimjibu asimsaidie. Nyuma kabisa wanawake walianza kutazamana. Mchungaji, alipofika zamu yake, alisema kwa ufupi tu kwamba na kanisani kwake wapo.

Kuna ndugu mmoja msikitini aliyetulaumu baadaye. Alisema maneno haya ya haki za binadamu ni bidhaa ya kutoka nje, na tena mmekaa meza moja na mchungaji. Tulimkumbusha Hilful Fudhul. Mfanyabiashara kutoka Yemeni aliuza bidhaa yake Makka, mnunuzi mwenye nguvu akamnyima thamani yake. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea. Baadhi ya wakubwa wa Makka wakakutana nyumbani kwa Abdullahi bin Jud'an, wakaapa kuwa pamoja na mdhulumiwa yeyote mpaka apewe haki yake. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwapo akiwa kijana, kabla ya utume, na baada ya Uislamu alisema kwamba lau angeitwa kwa ahadi kama ile angeitika. Walioapa pale hawakuwa Waislamu. Deni la Myemeni lilikuwa deni tu. Na kuhusu ujira kulipwa kabla jasho halijakauka, nadhani hakuna mtoto wa madrasa asiyeijua hadithi hiyo. Anayeisahau ni mtu mzima anapokuwa mwajiri.

Turudi kiwandani. Jambo lililofanyika la maana halikuwa siku ile ya mafunzo, kwani mafunzo huisha na soda na viazi karai. Lilikuwa kamati. Wafanyakazi walichagua wenyewe wawakilishi, kila laini na wake, pamoja na watu wa zamu ya usiku ambao kwa kawaida husahauliwa, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akaketi nao. Kwanza walilihamisha sanduku. Walilipeleka kwenye ujia wa vyoo vya wanawake, mahali pasipo kamera, na wakaafikiana kwamba lifunguliwe mbele ya watu watatu, mmoja wao akiwa wa kamati. Wiki ya kwanza karatasi zilijaa mpaka mdomoni. Nyingine zilikuwa zimeandikwa kwa Kigiriama, na ikabidi atafutwe wa kuzisoma. Kanuni za ukutani zikaandikwa upya kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kusomeka.

Suala la pasi liliwachukua majuma. Meneja alisema, na hakusema uongo, kwamba watu wakiinuka ovyo laini husimama. Waliolitatua ni washonaji wenyewe. Walisema: tupeni mshonaji wa akiba mmoja kwa kila laini mbili, awe mwenye kujua kola na mikono na mifuko, ashike cherehani ya yeyote anayeinuka. Vibao vikaondolewa. Tuliambiwa kwamba kazi haikupungua. Meneja aliyasema hayo kwa mshangao. Sisi hatukushangaa sana, kwani mtu aliyezuia mkojo hawezi kushona sawasawa.

Katika zile karatasi mlikuwa na jambo zito zaidi, nalo hatupendi kulipita kwa sababu ya haya. Palikuwa na msimamizi aliyegawa ovataimu kwa wasichana waliomchekea, na asiyecheka alikosa. Msichana mmoja alipoandika, jambo la kwanza alilofanya mkubwa mmoja wa hapo ni kumhamisha msichana laini, ati kwa usalama wake. Kamati ikakataa. Wakasema aliyehamishwa ndiye aliyeadhibiwa, kwani laini aliyopelekwa ni ngumu na malipo yake ya ziada ni machache. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi awe na maandishi ya sera dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, aeleze mtu ashtaki wapi na atafanywaje mkosaji. Maandishi hayo yalikuwapo, ndani ya kabati. Yakatolewa. Msimamizi akasimamishwa kazi kwanza, akaitwa, akasikilizwa yeye na mashahidi wake, kisha akaachishwa. Tulipenda kwamba alisikilizwa. Kadhi hakati shauri kwa maneno ya upande mmoja, hata upande huo ukiwa unalia.

Mambo ya dini nayo yalitatulika kwa wepesi kuliko tulivyotarajia. Wahandisi waliogopa mitandio mirefu karibu na mashine, na hofu yao ilikuwa ya haki. Ikakubaliwa mtandio mfupi uliochomekwa vizuri. Meneja alitaka kuweka mapumziko ya Alasiri, tukamwambia si lazima, kwa kuwa kazi ya kawaida hutoka saa kumi na moja na jua bado lipo, nao waweza kuiwahi. Tatizo ni Magharibi siku za ovataimu, ambayo wakati wake ni mfupi. Hapo ndipo walipopewa dakika zao na chumba. Mtu akidai haki, ni vyema adai ile hasa iliyopotea.

Wajawazito bado wana shida. Sheria hiyohiyo yakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ujauzito, na yampa mama miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili. Lakini kiwanda kilikuwa na desturi ya mikataba mifupi ya miezi michache, na aliyeonekana tumbo, mkataba wake haukufufuliwa. Hakufukuzwa, ila hakuitwa. Wanawake wakawa wanajifunga kanga tumboni mpaka mwezi wa saba. Chumba cha kunyonyesha kimepatikana, kilichokuwa stoo ya makatoni, kama Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inavyoagiza. Ila chumba cha kunyonyesha hakimfai aliyekwisha kupoteza kazi kabla ya kujifungua. Tulimwambia meneja hivyo. Akajibu kwamba mnunuzi huagiza kwa msimu, hupunguza bei kila mwaka, kisha hutuma mkaguzi kuuliza kwa nini mikataba ni mifupi. Jawabu hilo halimtoi yeye katika lawama, lakini tunaona pana ukweli ndani yake. Anayetaka shati la bei ya chini kuliko mwaka jana, na anayetaka mshonaji alipwe vizuri kuliko mwaka jana, mara nyingi ni mtu mmoja. Mambo ya mikataba kamati inaendelea nayo, na chama kinaendelea nayo.

Tulipokuwa tukiyasimulia haya nyumbani kwa fahari kidogo, mama watoto wetu alikuwa akichambua mchele. Alituacha tukamaliza. Kisha akauliza: "Na huyu binti anayetusaidia hapa, siku yake ya kupumzika ni ipi?" Tukataka kusema kwamba yeye ni kama mwana wa nyumba. Lakini wana wa nyumba walikuwa wamelala mchana huo, na yeye alikuwa uani akifua. Sheria ya mapumziko ya siku moja katika kila siku saba haikumtoa mtumishi wa nyumbani. Tangu mwezi ule siku yake ni Jumapili, na mshahara wake hautangulizwi tena na mazungumzo ya hali ngumu. Maalima wetu wa madrasa tuliyekuwa tukimcheleweshea mpaka michango ya wazazi itimie, naye tumemaliza deni lake.

Mama yetu alipona, akarudi kwenye laini yake. Mwezi uliopita ikaja karatasi nyingine kwenye darsa, imekunjwa mara moja tu, na safari hii ina jina. Alikatwa mshahara wa siku zote alizolazwa. Je, ndivyo ilivyo? Tulimwomba abaki baada ya darsa. Tukamuuliza ameajiriwa tangu lini, ana karatasi ya hospitali, alimweleza nani. Kisha tukasoma naye kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira: aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo, akaugua na ana cheti cha daktari, ana siku zisizopungua saba za mshahara kamili na baada yake saba za nusu mshahara kwa mwaka. Akakinakili kwa mkono wake.

Jumanne tulimsindikiza mpaka langoni. Akaingia yeye na mwakilishi wa laini yake. Sisi tukabaki nje na bawabu, tukanywa kahawa tungu ya muuzaji apitaye pale. Baada ya nusu saa alitoka na kijikaratasi kilichopigwa mhuri, siku saba na siku saba nyingine za nusu, zitalipwa mwisho wa mwezi. Alitupa tukishike tukisome. Kisha akakichukua, akakikunja ndani ya pochi yake, akatuaga, akarudi ndani mbio kwani saa ya chakula ilikuwa imekwisha.